Mayai ya artemia yanatotoa machache: ni chumvi yenye madini joto au kuna kingine?

#1 Kibua_Mweupe
Wakuu, salaam. Natotolesha artemia, wale kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, wawe chakula cha vitoto vya samaki aina ya beta. Mpangilio ni ule wa kawaida: chupa ya soda ya lita moja na nusu imekatwa kitako na kugeuzwa kichwa chini, ndani lita moja ya maji ya bomba yaliyolala usiku kucha, chumvi ya mezani vijiko viwili vya chakula, mpira wa hewa umefika hadi kwenye kizibo, mayai makavu kijiko kimoja cha chai. Baada ya saa 24 nazima hewa. Juu linakaa tabaka nene la kahawia, chini kabisa tabaka jingine la kahawia, na nauplia (artemia wachanga waliotoka kwenye yai) wa rangi ya chungwa ni mstari mwembamba tu juu ya hilo la chini. Muuzaji wa mayai anasema chanzo ni chumvi yenye madini joto, nitafute chumvi ya mawe. Wenye uzoefu, hili lina ukweli? Niko Temeke.

#2 Mzee wa Pampu
Ukweli mtupu. Madini joto ni ayodini, na ayodini ndiyo ileile inayopakwa kwenye vidonda kuua vijidudu. Nauplia atapona vipi humo? Chukua lile jiwe la chumvi la kulambisha ng'ombe, ponda, tumia. Ni bei rahisi.

#3 Mizani_Kwanza
Mkuu #2, tupige hesabu kwanza. Chumvi yenye ayodini miligramu 50 kwa kilo, ukitia gramu 25 kwenye lita moja, inakupa miligramu 1.25 tu za ayodini. Tena iko katika umbo la ayodeti, si ayodini tupu. Maji ya bahari yana kama miligramu 0.06 kwa lita, kwa hiyo umezidisha mara ishirini, nakubali, lakini dawa ya kidonda inapimwa kwa asilimia, ni maelfu ya mara zaidi ya hapo. Kwa saa 24 hicho hakizuii yai kutotoa.

Na jiwe la ng'ombe usimpe mtu ushauri huo. Mawe mengi ya kulamba yametiwa madini ya ziada, shaba ikiwemo. Shaba ndiyo sumu ya wanyama wa jamii ya kamba, dafnia (kiroboto wa maji) akiwa mstari wa mbele. Ayodini unayoikimbia ina nafuu kuliko hiyo shaba.

#4 Sengere
+1 kwa #3. Soma karatasi ya jiwe kabla ya kuliponda.

#5 Bi Maji Mafu
Mleta uzi, vijiko viwili vya chakula ni vingi. Kijiko cha chakula kilichofutwa juu kina gramu 17 au 18 za chumvi laini. Viwili ni gramu 35, na kama ulivijaza kilima unagonga 45. Mayai mengi yanayouzwa huku asili yake ni Great Salt Lake, Utah, Marekani, na yanatotoa vizuri kwenye gramu 25 kwa lita. Chumvi ikizidi, yai hutumia nguvu nyingi kupasua gamba, kwa hiyo yale dhaifu yanabaki humo humo. Kijiko kimoja na nusu cha kufutwa juu kinatosha. Ukiwa na kipimo cha uzito wa maji, lenga 1.018 hivi.

Chumvi ya mawe yenye chembe kubwa haipimwi kwa kijiko kabisa, maana kati ya chembe kuna hewa. Mzani wa jikoni ndiyo dawa.

#6 TangaMjini
Wa pwani mnahangaika na chumvi ya nini wakati bahari ipo? Maji ya bahari sehemu saba, maji yasiyo na chumvi wala klorini sehemu tatu. Bahari ikiwa 35 inashuka hadi 24.5. Yachote mbali na mdomo wa mto na usichote mara baada ya mvua kubwa, yapitishe kwenye leso ya pamba. pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iko 8 na kitu, kwa hiyo huna haja ya kuongeza lolote.

#7 Kibua_Mweupe
Asanteni. Bi Maji Mafu, kweli vijiko vilikuwa vya kujaza. Ila hapo kwenye mayai dhaifu sijaelewa: nitajuaje kama mayai ni dhaifu au maji ndiyo mabaya?

#8 Dk_Kioo
Angalia kwa lenzi ya kukuzia, utaona mwenyewe. Chukua tone la tabaka la chini saa 24 baada ya kuanza. Utakutana na hali tatu:

Yai la duara kamili, jeusi jeusi, halijapasuka: halikuamka kabisa. Hapo shaka ni mayai kuzeeka, kuingia unyevu, au joto.

Yai lililopasuka na kiumbe ananing'inia chini yake ndani ya utando mwembamba, kama mwavuli: aliamka, akapasua gamba, akashindwa kujitoa kwenye utando. Hapo shaka ni pH kuwa chini ya 8 au hewa haba. Kimeng'enya kinachoyeyusha utando ule hufanya kazi vizuri kwenye pH 8 hadi 8.5.

Nauplia wazima lakini wamekufa: walitoka salama, wakakosa hewa chini ya kizibo ulipochelewa kuwavuna.

Kupata asilimia: changanya chupa vizuri hewa ikiwa imewashwa, vuta mililita moja, hesabu nauplia na wale wa mwavuli. Kisha tia matone ya jiki humo humo. Magamba matupu yatayeyuka na yale mayai ambayo hayakupasuka yatabaki kama vidonge vya rangi ya chungwa. Hesabu hivyo navyo. Nauplia gawa kwa jumla ya vyote vitatu, zidisha kwa mia. Mayai ya daraja la juu yanafika 90. Chini ya 60, dai chenji yako.

#9 Kibua_Mweupe
Nimetumia lenzi ya fundi saa. Mengi ni duara kamili, lakini ya mwavuli nayo yapo, si haba. Chupa iko dirishani, kipimajoto kinasoma 32 mchana. Kopo lilifunguliwa muda, linafungwa kwa mfuniko wa plastiki.

#10 Mizani_Kwanza
Basi nimepata mshitakiwa wangu: unyevu. Yai kavu la artemia lina maji asilimia 2 hadi 5, na ndiyo sababu linaweza kulala miaka. Hewa ya Dar ikiingia kwenye kopo, yai linavuta unyevu. Likipita asilimia 10 linaanza kuamka bila kuwa na maji ya kutosha kutotoa, linakula akiba yake ya ndani taratibu, na siku utakapolitia kwenye chumvi halina nguvu tena. Huwezi kulirudisha.

Ukifungua kopo, gawa siku hiyo hiyo kwenye vichupa vidogo vilivyokauka, jaza hadi juu ili hewa isipate nafasi, funga kwa kifuniko cha kukaza, zungushia utepe, weka kwenye friji. Kichupa unachotumia tia vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Na usikifungue kikiwa baridi! Kitoe friji, kiache kifikie joto la chumba, ndipo ufungue. La sivyo unyevu wa hewa unagandia kwenye mayai na kazi yote imekwisha.

#11 Mzee wa Pampu
Unyevu kivipi wakati ya mwavuli yapo? Mwenyewe kasema. Yai lililochoka haliwezi kufika hatua ya mwavuli.

#12 Mizani_Kwanza
Linaweza. Akiba ikipungua kidogo linaishia njiani, ikipungua sana halianzi. Kopo moja lina mayai ya kila hali.

#13 NgongBaridi
Mimi naona hamjagusa joto. 32 ni ya hewa ya chumba au ya ndani ya chupa? Chupa ya plastiki dirishani, jua likiipiga saa saba mchana, maji yanapita 33 bila taabu, na juu ya 33 yai linasimamisha shughuli zote. Linakaa kimya. Mleta uzi ataona duara kamili tupu na kusema mayai mabovu.

Huku Nairobi tuna shida ya upande wa pili. Mwezi wa saba chumba kina 17 au 18 usiku, na kwa joto hilo mayai yanachukua saa 36 hadi 48, tena yanatoka kwa makundi, wengine wazee wengine wachanga. Dawa ni ndoo ya maji yenye hita ya akwariamu iliyowekwa 27, chupa inaelea ndani yake. Hita usiitie ndani ya chupa, chumvi na magamba vinaigandia. Wa Dar fanya hivyo hivyo bila hita: ndoo ya maji kivulini inazuia joto kupanda na kushuka ghafla.

#14 Sengere
Kivulini lakini si gizani. Mayai yakishalowa yanahitaji mwanga ili yaamke, hasa saa za mwanzo. Taa ya kawaida ya LED sentimita 20 kutoka kwenye chupa inatosha na haipashi moto.

#15 Kipwa
Wakuu, kwenye pH naomba mwongozo. Maji yetu ni ya mvua kutoka kwenye simtangi. Naweza kutia magadi?

#16 Mzee wa Pampu
Tia magadi. Kijiko cha chai kwa lita.

#17 Dk_Kioo
Hapana mzee wangu, hapo utawachoma. Magadi yana kabonati, na kijiko kizima kwenye lita ya maji ya mvua kinapeleka pH hadi 10 na zaidi. Kinachotakiwa ni bikabonati ya soda, ile ya kuumulia keki: robo kijiko cha chai kwa lita, kama gramu moja na kitu. Hiyo inasimama karibu na 8.2 na haipandi ovyo hata ukizidisha kidogo. Kama huna kabisa ila magadi, yeyusha chembe chache pembeni, ongeza kwa matone huku ukipima kwa karatasi za pH, usimame kwenye 8.3.

Maji ya mvua ni mfano mzuri wa kinachoweza kumtokea mleta uzi pia. Hayana kinga yoyote ya pH. Unaanza na 7, mayai yanapumua na kutoa kaboni dayoksidi, unaishia 6 na nusu. Hapo mwavuli ndipo wanapojaa.

#18 Bi Maji Mafu
Na wingi wa mayai mmeuacha. Kijiko cha chai kilichojaa kina gramu tatu hivi. Gramu moja ni mayai laki mbili hadi tatu. Kwenye lita moja yenye pampu ndogo weka gramu moja, mbili mwisho. Mahodari wa vituo vya kutotolesha kamba wanapiga zaidi, lakini wana oksijeni ya kutosha. Mayai laki sita hadi tisa yakiamka kwa pamoja kwenye chupa moja, hewa inaisha, pH inashuka, na mnakaa kugombania chumvi.

Kingine: pita na kidole au mrija wa maji saa moja baada ya kuanza, teremsha mayai yaliyoganda ukutani juu ya maji. Hayo yanakauka pale pale na kuhesabiwa kama mabovu. Na hewa iwe ya mapovu makubwa, jiwe la hewa liondoe. Mapovu madogo yanatengeneza povu la juu na kubeba mayai.

#19 Chupa_Mbili
Kwa mwenye mayai ya wasiwasi, yavue gamba. Yai lisilo na gamba linatoka kwa nguvu kidogo, na hata lisipotoka samaki analila bila kuvimbiwa na magamba. Kwa gramu 10:

Loweka mayai kwenye maji baridi yasiyo na chumvi saa moja, hewa ikipiga, hadi yawe duara kabisa. Chuja kwa leso. Andaa mililita 145 hivi za jiki. Kanuni ni nusu gramu ya klorini hai kwa kila gramu ya mayai, na jiki nyingi zimeandikwa asilimia 3.5, ndiyo hesabu inatoka hapo. Kama chupa yako imeandikwa tofauti, piga upya. Ongeza gramu 1.5 za soda kali (caustic soda, si ya keki) kama unayo, inasaidia kuyeyusha. Iweke jiki kwenye beseni la barafu kwanza maana mchanganyiko unapata joto, na ukipita 40 mayai yanakufa.

Tia mayai, koroga bila kusimama. Yatatoka kahawia, yawe ya kijivu, kisha yageuke chungwa. Ni dakika tano hadi kumi. Yakishakuwa chungwa mengi yake, mimina kwenye leso saa hiyo hiyo na suuza kwa maji mengi hadi harufu ya jiki iishe. Malizia kwa kuchovya kwenye thiosalfeti ya sodiamu asilimia 0.1, gramu moja kwa lita, kisha suuza tena. Totolesha palepale, au weka kwenye maji ya chumvi iliyokolea kabisa, gramu 300 kwa lita, ndani ya friji.

Jiki iliyokaa dukani juani inapoteza nguvu. Rangi isipobadilika dakika kumi, jiki ndiyo imechoka.

#20 Mzee wa Pampu
Badala ya thiosalfeti si siki inamaliza klorini?

#21 Dk_Kioo
Siki ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini. Usithubutu kwenye chumba kilichofungwa. Maji mengi ya kusuuza na thiosalfeti, basi. Maduka ya akwariamu wanaiuza kama dawa ya kuondoa klorini kwenye maji ya bomba. Na soda kali vaa glovu na miwani, inakula ngozi.

#22 Mtoto wa Bwawa
Haya yote kwa ajili ya vitoto vya beta? Weka ndoo ya maji na majani makavu nyuma ya nyumba, siku tano una viluwiluwi vya mbu bure. Hakuna chakula kinachowatia beta rangi na mayai kama kiluwiluwi.

#23 NgongBaridi
Kwa beta wakubwa sawa. Kitoto cha beta cha siku tatu mdomo wake hauwezi hata kiluwiluwi cha kwanza.

#24 Dada Zuhura
Na kwa Dar ndoo ya wazi ni hatari. Jiji limepata mlipuko wa homa ya dengi 2014 na tena 2019, na mbu aina ya Aedes anayeieneza anapenda hasa vyombo vya nyumbani. Kwa joto la pwani yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi, kwa hiyo ukisahau kuvuna juma moja umewafugia majirani ugonjwa.

Anayeng'ang'ania, afanye hivi: ndoo iachwe wazi usiku mmoja au miwili mbu watage, kisha ifungwe kwa chandarua kilichokazwa kwa mpira. Vuna kila siku ya pili. Pupa, wale waliojikunja kama koma, ondoa wote bila kubakiza. Baada ya juma mwaga nchi kavu, sugua kuta za ndoo, maana mayai ya Aedes yanakaa ukutani pakavu miezi. Ukitaka kujua umepata nani, mtazame anapopumua: Anopheles analala sambamba na uso wa maji, Culex na Aedes wananing'inia kichwa chini, mrija wa mkiani ukigusa uso.

#25 Mtoto wa Bwawa
Chandarua nakubali. Lakini chakula ni kilekile kizuri.

#26 MamaMoina
Mbadala usio na dengi upo: moina, kiroboto wa maji mdogo wa jamii ya dafnia. Kwa joto letu usichukue dafnia magna, yule anataka 18 hadi 22 na Dar anakufa mwezi wa pili. Moina anakwenda hadi 30 na anavumilia maji yenye oksijeni haba. Akikosa hewa anageuka mwekundu kwa sababu anatengeneza hemoglobini, msiogope, ila ni ishara ya kupunguza chakula.

Ndoo ya lita 20, maji ya kijani yaliyokaa juani au maji ya tangi la zamani. Hamira nusu gramu iliyokorogwa kwenye kikombe cha maji, tia hadi maji yawe na ukungu mwepesi, kitako cha ndoo kikiwa bado kinaonekana. Ukungu ukiisha ndani ya siku moja au mbili, tia tena. Hamira ikizidi inaoza chini na ndoo nzima inakufa usiku mmoja. Vuna robo ya ndoo kila siku wakishajaa, kwa sababu wakibanana wanaacha kuzaa vitoto na kuanza kutaga mayai ya kulala, yale meusi mgongoni. Anza ndoo tatu, si moja. Lazima moja itaanguka.

Na hiyo shaba aliyoitaja #3 inahusu huku pia. Samaki aliyetibiwa kwa dawa yenye shaba, maji yake yasiguse ndoo ya moina.

#27 Kipwa
Kwa vile vitoto vya siku tatu je? Moina si mkubwa?

#28 MamaMoina
Moina mchanga anakaribiana na nauplia. Kwa wadogo zaidi tumia minyoo midogo ya uji. Pika uji mzito wa sembe au shayiri, upoe, tandaza unene wa sentimita moja kwenye kopo la plastiki, nyunyiza hamira kiasi cha ncha ya kijiko, weka mbegu ya minyoo katikati. Mfuniko utobolewe na kuzibwa kwa pamba. Siku nne hadi saba wanapanda ukutani, unawafuta kwa kidole au pamba ya masikio na kuwazungusha kwenye maji ya tangi. Ikianza kunuka vibaya na kuwa majimaji, hamisha mbegu kwenye kopo jipya.

#29 Bi Maji Mafu
Beta waliolelewa na minyoo hiyo peke yake wanakosa mapezi ya tumboni. Minyoo inazama, vitoto vinakula sakafuni, mapezi yanaliwa na bakteria wa uchafu.

#30 NgongBaridi
Hilo linasemwa sana. Wengine wanasema ni upungufu wa lishe, wengine wanasema ni joto la siku za kwanza, wengine damu ya wazazi. Kuna matangi yanalishwa minyoo tupu na mapezi yapo yote.

#31 Bi Maji Mafu
Matangi hayo yanafyonzwa sakafu kila siku. Hapo ndipo tofauti ilipo.

#32 Chupa_Mbili
Anayekwepa ubishi huo atumie minyoo ya siki. Inaogelea katikati ya maji na kuishi humo siku kadhaa, haizami. Siki ya tufaha nusu, maji nusu, vipande vya tufaha, funika kwa kitambaa, subiri majuma. Kuvuna: jaza siki yenye minyoo kwenye chupa ya shingo ndefu hadi chini ya shingo, sukuma pamba iguse siki, juu yake mimina maji safi. Minyoo inapenya pamba kufuata hewa, kesho yake maji ya shingoni yamejaa wao na siki imebaki chini. Wavute kwa sindano isiyo na ncha.

#33 Pwani_Mchangani
Kwa wa Unguja: Nothobranchius guentheri, samaki huyu mdogo wa madimbwi yetu, vitoto vyake vinakula nauplia tangu siku ya kutoka. Ila wape kidogo mara tatu nne kwa siku. Tumbo linatakiwa lionekane duara na chungwa ukimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Tumbo jeupe saa mbili baada ya kulisha maana yake nauplia hawakufika, au wamekufa, kwani kwenye maji yasiyo na chumvi hawadumu zaidi ya saa chache.

#34 Kigoma_Ujiji
Kwa wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika, msitie nauplia kila tangi. Cyprichromis ni mla vijidudu vya majini, mpe ashibe. Tropheus ni mchunga mwani, utumbo wake mrefu, na akilishwa minyoo damu au artemia kila siku anavimba tumbo na kufa.

#35 Dk_Kioo
Tumbo la Tropheus lina maelezo mengi kuliko hilo, mkuu. Kuna vimelea wa utumbo ambao wapo hata kwa samaki mzima na huzidi nguvu akisumbuliwa. Tangi lenye Tropheus sita wanaopigana linavimba hata kwa spirulina (chakula cha mwani) tupu.

#36 Kigoma_Ujiji
Sita ni wachache, hapo sawa. Lakini minyoo damu sitoi.

#37 TangaMjini
Mnaosema mayai asili yake ni Utah: kaskazini ya Malindi, kwenye mashamba ya chumvi ya Fundisha na Gongoni, artemia walipandikizwa miaka ya 1980 na wakashika. Mayai yanatoka pale maji yakikolea chumvi, yanaelea na kusukumwa na upepo kona moja ya bwawa. Ni mali ya wenye mashamba, si ya kujichotea. Na yai bichi la bwawani haliwi tayari siku hiyo, lazima lisafishwe kwa maji ya chumvi kali, likaushwe chini ya nyuzi 40, lipumzike.

#38 Sengere
Turudi kwenye kuvuna, maana mleta uzi hata akipata asilimia 90 anaweza kuipoteza. Nauplia aliyetoka sasa hivi hana mdomo unaofanya kazi, anaishi kwa kiini alichobeba, na hicho ndicho chakula cha samaki wako. Baada ya saa nane hadi kumi na mbili kwa joto la pwani anajibadili, mdomo unafunguka, na kwa kuwa hakuna cha kula anaanza kukonda. Saa 24 baadaye amepoteza robo ya nguvu na amekuwa mkubwa na mwepesi, kitoto hakimkamati. Zima hewa dakika kumi, funika sehemu ya juu kwa kitambaa cheusi, mulika chini, wanakimbilia mwanga. Vuta kwa mrija hadi rangi ya chungwa iishe, simama kabla ya magamba ya juu kushuka. Suuza kwa maji baridi kwenye leso. Wa ziada weka friji kwenye maji ya chumvi kina kifupi, tumia ndani ya siku moja.

#39 Kibua_Mweupe
Mrejesho. Chupa mbili ndani ya ndoo moja kivulini, gramu moja kila moja, mayai ya kopo lilelile. Ya kwanza chumvi ya mezani gramu 25 kwa mzani, ya pili maji ya bahari saba kwa tatu. Kwa njia ya #8: ya mezani asilimia 58, ya bahari 71. Mwavuli wamepungua kote lakini ya mezani bado wapo zaidi.

#40 Mzee wa Pampu
Si nilisema? Madini joto hayo.

#41 Dk_Kioo
pH ya ile ya mezani ulipima? Bahari imekuja na 8 yake, bomba halina. Hujalinganisha ayodini hapo, umelinganisha pH.

#42 Mizani_Kwanza
Na 71 bado ni chini ya 90. Kilichobaki ni kopo.

#43 Kibua_Mweupe
Sijapima, karatasi za pH zimeisha. Nikizipata natia robo kijiko cha bikabonati kwenye ya mezani na narudia zote mbili. Kuna mwenye kopo jipya lililofungwa Kariakoo au jirani, tugawane gramu tano ili niweke chupa ya tatu?

#44 Chupa_Mbili
Ninalo, halijafunguliwa. Njoo na kichupa kikavu chenye kifuniko cha kukaza, tutaligawa hapo hapo likifunguliwa.